Kaka Alishaupuliza

4 Februari

Baba Mkubwa, shikamoo.

Naandika kwa sababu ulisema simu unaisikia kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo, na mimi nikipaza sauti mtaa mzima unajua mambo yetu. Huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi. Likishapata joto anasahau kama analo. Mdogo wangu amepata kazi kwenye duka la vioo vya madirisha na ameshavunja kimoja. Baba yupo. Anakula, analala, anasikiliza redio. Tulisikia umetoka hospitali. Pole sana.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu. Unajua nimejifunza ufundi wa pikipiki kwenye gereji za watu, na nimechoka kuwa mkono wa watu. Kibanda cha baba bado kipo hapo barabarani, kufuli limeota kutu mlangoni. Nikamwomba ufunguo. Hakukataa. Alinionyesha kwa kidevu ile pikipiki yako ya zamani iliyo chini ya turubai nyuma ya nyumba, akasema, "Siku itakapotembea bila kudondosha oili, njoo uchukue ufunguo. Fundi wa pikipiki zinazovuja tayari tunaye mmoja humu ndani."

Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Pikipiki waliiita Kikojozi, na baba wakamwita Daktari wa Kikojozi. Walianza kwa utani, halafu wateja wakaanza kupita mbele ya kibanda wakiangalia upande wa pili. Nani ampelekee pikipiki fundi ambaye ya kaka yake mwenyewe imemshinda?

Kwa nini wewe na baba hamzungumzi, hajawahi kunieleza, nami siulizi. Nauliza ya pikipiki tu. Ilikuwa yako kabla haijawa yake. Ilianza lini kuvuja, na ilivujia wapi?

Ni mimi, binti yako.


20 Februari

Mwanangu, marahaba.

Mwambie mama yako goti lisimtishe, mimi yamenikataa yote mawili. Kitanda changu kimesogezwa chumba cha mbele, karibu na dirisha. Asubuhi anakuja muuguzi, mama wa makamo asiye na mzaha, ananigeuza kama chapati na kuondoka. Daktari ni kijana mpole. Kila nikimuuliza hali yangu anasema, "Tutaona, mwalimu." Nimefundisha fizikia maisha yangu yote, najua mtu aliyelijua jibu anapoamua kusema tutaona.

Kuhusu oili. Haina tofauti na umbea: unapokutana nayo si pale ilipoanzia. Pikipiki ikitembea, oili inateremka na inasukumwa nyuma na upepo, kwa hiyo aliyelala chini analowa kwa kosa la aliye juu. Ukiona tone chini ya injini, usikimbilie nati ya kumwagia oili. Fanya hivi. Osha injini yote kwa mafuta ya taa na brashi, kila pembe, kisha ikaushe kabisa. Nunua poda ya watoto, ipake injini nzima mpaka iwe nyeupe. Iendeshe mpaka ipate moto sawasawa, kisha simama uitazame. Poda italowa panapovuja. Kama pamelowa mahali pengi, amini pa juu kabisa na pa mbele kabisa.

Uliniuliza ilianza lini. Ilianza mwaka aliofariki mama yako mkubwa. Ilivuja kwenye gasketi ya kifuniko cha juu. Baba yako alikuja Jumamosi akaibadilisha, ikapona. Baadaye ikaanza tena.

Baba yako hutoka nje? Huwa anaulizia habari zangu?

Baba yako mkubwa.


17 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Mama anashukuru kwa salamu, ila ya chapati alicheka mpaka akakaa chini. Mdogo wangu kavunja kioo kingine. Bosi wake amemhamishia kwenye fremu.

Nimefanya ulivyosema. Niliosha, nikakausha, nikapaka poda. Mama alisema nanuka kama mtoto mchanga aliyelazwa kwenye kituo cha mafuta. Nikaendesha mpaka sokoni na kurudi. Poda ilikuwa imelowa kwenye shafti ya gia, pale inapotokea ubavuni. Nikabadilisha sili ya hapo, ile pete ya mpira inayozuia oili. Siku chache pakavu, kisha ikatokea kwenye gasketi ya kifuniko cha juu. Nikabadilisha gasketi. Ikatulia, kisha ikaja nyuma ya sproketi ndogo, cheni yote ikalowa. Nikiziba huku inatokea kule. Na ikiwa imesimama ikinguruma taratibu, haitoi hata tone. Ni mpaka niikimbize.

Baba huwa anasimama mlangoni akitazama, mikono nyuma. Siku ile cheni ilipolowa alisema, "Ndivyo ilivyonifanyia mimi." Halafu akaongea zaidi kuliko nilivyomsikia mwaka mzima. Alitaja kila sili aliyoibadilisha na kila kifuniko alichokisugua kwenye kioo mpaka kikanyooka.

Nilitaka pia kupuliza ule mpira wa kupumulia, unaotoka kwenye injini na kupanda hadi chini ya tangi. Nilipoushika tu akasema, "Huo acha. Kaka alishaupuliza." Nikamuuliza lini. Akasema, "Alishaupuliza yeye mwenyewe, ni mzima." Nikauacha.

Nilimwambia umemuulizia. Alisema, "Nimesikia." Kukuulizia, hapana. Umeniuliza, na sipendi kukudanganya.

Binti yako.


9 Mei

Mwanangu, marahaba.

Barua yako imekaa chini ya mto wangu kwa muda ambao posta haihusiki nao. Ni kweli nilirudishwa hospitali, na ni kweli mkono umekuwa mzito kama unavyoona kwenye mwandiko. Lakini hata siku ambazo ningeweza kuandika sikuandika. Mpe pole fundi wa fremu. Huku dirishani pangu wamejenga ukuta wa duka, siku hizi nawajua wapita njia kwa vishindo vya miguu tu.

Usinunue gasketi nyingine wala sili. Injini ikivuja mahali pamoja, fundi atafute kilichochakaa. Ikivuja kila mahali kwa zamu, hakuna kilichochakaa. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyo chini yake. Hewa hiyo lazima itoke, ndiyo kazi ya ule mpira. Ukizibika, hewa inajaa kama mvuke kwenye sufuria iliyofunikwa kwa jiwe, na itatafuta mlango popote: leo kwenye sili dhaifu, kesho kwenye gasketi. Ikipita inapita na oili. Ikinguruma taratibu hewa ni kidogo, ndiyo maana huoni tone. Ukiikimbiza inalemewa.

Kwa hiyo upulize mpira.

Najua umeambiwa ulishapulizwa. Najua na aliyesema hivyo ni nani. Hata hivyo upulize. Kazi ya fundi ni kupima, hata kama aliyesema nimepima ni mkubwa wake. Tena mkubwa ndiye wa kupimwa zaidi, kwa sababu hakuna anayempima.

Ukiuchomoa, usitazame ncha peke yake.

Baba yako mkubwa.


28 Mei

Baba Mkubwa, shikamoo. Nyumbani wazima. Nitapita haraka kwenye salamu, unisamehe.

Nilingoja baba aende kunyoa. Nikauchomoa mpira. Ncha zote mbili safi, ukichungulia huku na kule huoni kitu. Nikapuliza mpaka masikio yakavuma, hewa haikupita. Nikaupasua kwa wembe kwa urefu. Katikati kabisa, kwenye kona ya chini ya tangi, kulikuwa na kipande cha mpira wa kijivu kilichokauka. Nilidhani ni uchafu. Nilipokiosha nikaona kimekatwa kwa uangalifu, mviringo, kinalingana na tundu. Ni kifutio cha penseli.

Niliweka mpira mpya nikaendesha mpaka kule mlimani kwenye minara na kurudi, kasi yote. Nikapangusa injini kwa kitambaa cheupe, kikarudi cheupe.

Baba aliporudi nilimwambia nimekuta tope la nyigu ndani ya mpira. Nilijiona nina akili, nimewahifadhi wote. Nilitegemea afurahi. Alikikamata kile kitambaa, akakitazama pande zote mbili, akasema, "Tope. Miaka yote hii ni tope, na mimi sikuliona." Alinipa ufunguo hapo hapo. Akaniambia nifute neno FUNDI alilolipaka mwenyewe juu ya mlango, nisianze kazi na nuksi yake. Asubuhi akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje apime spana zake. Mama amekalia sanduku la spana hataki kuinuka, na goti lake lile. Mnunuzi alingoja, akachoka, akasema atarudi mama akilala.

Kwa hiyo ufunguo niliokuwa nauomba ninao mfukoni, na umenichoma kuliko ulipokuwa kwa baba. Zamani aliamini pikipiki ndiyo mbovu. Sasa anaamini mbovu ni yeye.

Baba Mkubwa, katika ukoo wetu aliyekuwa na vifutio ni mtu mmoja. Nakuuliza kwa adabu zote, na naomba jibu, si somo. Ni nani aliyekiweka?


15 Juni

Mwanangu,

Ni mimi.

Mama yako mkubwa alipofariki, nyumba ilibaki na sauti ya saa ya ukutani tu, nikaisimamisha. Nilikuwa nimestaafu mwaka ule ule. Ndipo pikipiki ikavuja kweli, gasketi ya juu, na baba yako akaja Jumamosi. Alimaliza kazi mapema lakini hakuondoka. Tulikaa uani mpaka jua likazama, tukamsema mama yetu na hasira zake, tukabishana kuhusu kandanda, akanawa mikono kwa sabuni na mchanga, akanawa tena. Jumamosi iliyofuata nilichemsha chai nikangoja. Hakuja. Kwa nini aje? Pikipiki ilikuwa nzima, naye alikuwa na kazi na watoto.

Ningeweza kumwambia njoo tukae. Maneno mawili tu. Sikuweza. Mimi ndiye niliyesomeshwa, ndiye niliyemlipia karo, ndiye niliyezoea kuombwa. Kuomba sikujua kunavyoanza.

Nikachukua kifutio, nikakikata, nikakisukuma ndani ya mpira kwa sindano ya kufumia ya marehemu. Nilijua vizuri kitakachotokea; nilikuwa nimekifundisha. Wiki ile ile pikipiki ikadondosha, na Jumamosi baba yako akaja na sanduku lake.

Si mjinga baba yako. Jumamosi ya pili au ya tatu aliushika ule mpira auchomoe. Nikasema, "Huo nimeshaupuliza, ni mzima." Aliuachia papo hapo, kama mtoto aliyekatazwa sahani ya wageni. Hakuushika tena mbele yangu. Uongo ulikuwa wangu, lakini mlinzi wake ilikuwa ni adabu yake. Kila fundi mwingine duniani angeupuliza. Mdogo wangu peke yake ndiye asingeweza, maana kuupuliza kungekuwa kusema kaka ni mwongo.

Nilipata Jumamosi zangu. Yeye alipata jina. Daktari wa Kikojozi nililisikia kwa masikio yangu dukani, nikalipia sabuni nikatoka. Ningeweza kukichomoa kile kipande siku yoyote. Kila Ijumaa nilisema baada ya kesho.

Siku ya mwisho walikuwepo walimu wenzangu wawili. Baba yako akasema sasa ataifungua injini yote. Nikamwambia, kwa kucheka, "Ikikushinda sema, tutafute fundi." Walimu wakacheka. Alifunga sanduku, akasema ataitengenezea kwake. Hakuiwasha. Aliikokota kwa mikono mpaka kwenu, mchana wa jua. Tangu hapo hakurudi.

Na hata hapo ningemtumia mtu amwambie pasua mpira. Sikumtuma. Nilijidanganya kwamba ikiendelea kumsumbua atarudi kuniuliza. Kisha miaka ikapita, na uongo nao huota mvi. Unauheshimu kwa sababu ya umri wake.

Ulipoandika mwezi wa pili ningeweza kukujibu kwa mstari mmoja. Nikakupa poda na mafuta ya taa. Nilitaka ulione mwenyewe ili nisiwe nimesema. Hata katika kuungama nimetafuta mtu wa kunifanyia kazi.

Msomee baba yako barua hii. Usimpe aisome peke yake, ataiacha katikati. Asijilaumu kwa lolote, hakuna alichoshindwa. Mwambie mama yako naye asiinuke kwenye sanduku.

Daktari ameacha kusema tutaona. Ningependa kumwona mdogo wangu. Lisome na hilo kama lilivyo.

Baba yako mkubwa.


6 Julai

Baba Mkubwa, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta. Mama anakuombea. Mdogo wangu amerudishwa kwenye vioo.

Nilimsomea baba tukiwa kibandani, mlango wazi. Alikuwa amekaa juu ya tairi. Sikuruka neno. Nilipofika ulipoandika kwamba aliuachia papo hapo, alisema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akataka tena. Kisha akasema, "Niliushika mara nyingi, hata huku nyumbani. Usiku watu wamelala natoka naushika. Kila nikiushika naona kama natia kidole kwenye jicho la kaka."

Nilipomaliza aliinuka kwenye tairi. Halafu akaanza kucheka, si kwa furaha, ila alicheka. Akasema, "Kifutio. Mtu amesoma mpaka akaziba injini kwa kifutio." Akatoka nje.

Mnunuzi wa vyuma aliporudi, baba alimuuliza kama ana spana namba kumi nzuri ya kuuza, maana yake imelegea. Mama akainuka kwenye sanduku akasema alikuwa anapumzika tu. Neno FUNDI halijafutwa. Jana mteja alileta pikipiki, baba akasikiliza injini akaniambia plagi ni nzima, ameshaipima. Nikaiacha. Akanigeukia: "Kuanzia leo nikikwambia nimepima, pima." Nikaipima. Ilikuwa nzima.

Sasa lile ulilotaka nilisome kama lilivyo. Nililisoma. Nikamwambia tuondoke hata kesho, nitamwendesha mwenyewe. Alikataa. Nitakuandikia alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza:

"Miaka ile alinivuta kwa uongo, nikaenda. Leo ananivuta kwa ukweli na kwa kitanda cha mgonjwa. Kamba ni ile ile. Nikienda sasa sitajua kama nimekwenda au nimevutwa. Mwandikie nimesikia yote. Mwambie nitakwenda siku ambayo hajaniita."

Nilimwambia siku zenyewe huenda si nyingi. Akasema anajua kuhesabu, ingawa hakusoma fizikia.

Ninachoweza kukuambia zaidi ni kwamba jana jioni alijaza tangi la ile pikipiki na kukaza vioo vya pembeni. Sikumuuliza ni ya nini.

Binti yako.


19 Julai

Mwanangu, marahaba.

Maneno ni yangu, mwandiko ni wa muuguzi. Amenionya nisiseme marefu, na ameapa ataandika lolote nitakalosema bila kulisahihisha, jambo ambalo mimi sikuwahi kumfanyia mtu.

Salamu kwa mama yako. Vioo vikivunjika si mwisho wa dunia. Spana namba kumi asinunue ya bei ya chini.

Baba yako yuko sawa na sina la kubishana naye. Ile sentensi ya mwisho, kwamba ningependa kumwona, naiondoa. Muuguzi ananitazama, lakini nimesema naiondoa na yeye aandike.

Mlango wa mbele siku hizi haufungwi mchana kutwa. Ni kwa ajili ya muuguzi, ana mizigo. Kiti cha hapa karibu na kitanda nacho kiko hapa kwa sababu hakuna pengine pa kukiweka. Chai inachemshwa kila siku alasiri, awepo mtu asiwepo, ndivyo nilivyozoea.

Mwambie sijamwita.